Sura ya 3: Mtihani Usiofelisha Mtu

Barua ya chuo ikishafika na kusema umepokelewa, wengi wetu hudhani habari za mitihani zimekwisha mpaka masomo yaanze. Halafu unakuja ujumbe mwingine: kabla ya kujiandikisha kozi, njoo ufanye mtihani wa kupangiwa madarasa. Kwa familia za Waswahili walioko Houston, Louisville, Des Moines au Minneapolis, hasa wale ambao watoto wao wanaanzia vyuo vya jamii vya miaka miwili, ujumbe huu hupokelewa kwa namna mbili. Yuko anayeingiwa na hofu, akikumbuka mtihani wa taifa uliowapukutisha wenzake nyumbani. Na yuko anayeambiwa dirishani, "Usijali, huu haufelishi mtu," akaenda kuufanya kesho yake asubuhi bila kufungua hata daftari. Huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi.

Ni kweli haufelishi. Nafasi yako chuoni unayo tayari, na hakuna alama itakayokunyang'anya. Kinachoamuliwa ni darasa utakaloanzia, na hapo ndipo gharama ilipojificha. Msichana anayetaka kusomea uuguzi anahitaji hesabu ya ngazi ya chuo, mara nyingi takwimu. Alama zake zikiwa chini, anaweza kuanzishiwa kozi ya maandalizi ya hesabu za kawaida, kisha aljebra ya mwanzo, ndipo afike kwenye takwimu. Kila kozi ni muhula, kila kozi inalipiwa, na krediti za kozi hizo za maandalizi hazihesabiwi kwenye shahada. Anayesoma kwa msaada wa Pell ajue pia kwamba serikali ya Marekani humpa mtu msaada huo kwa kiasi cha mihula 12 tu katika maisha yake yote. Mihula miwili ya kurudia sehemu na desimali alizozijua tangu Darasa la Saba ni mihula aliyoipoteza.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mshauri wa masomo ni hili: je, ni lazima niufanye? Wengi hawaulizi, kwa kuwa kwetu mtihani ukitangazwa hauhojiwi. Huku mambo yamebadilika sana. Kwa miaka mingi vyuo vya Marekani vilitumia mtihani ulioitwa COMPASS, uliomilikiwa na shirika la ACT. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, akiwemo Judith Scott-Clayton, walipochunguza matokeo ya mitihani ya aina hii, mwaka 2012 na miaka iliyofuata, walikadiria kwamba mwanafunzi mmoja kati ya wanne katika hesabu, na mmoja kati ya watatu katika Kiingereza, alikuwa amepangwa vibaya kupita kiasi. Wengi wao walikuwa wameshushwa hadi kozi za maandalizi ilhali wangeweza kabisa kozi za kawaida. Walionyesha pia kwamba alama za sekondari hutabiri vizuri zaidi. Mwisho wa 2016 COMPASS ikaondolewa. California ilipitisha sheria mwaka 2017 inayovitaka vyuo vyake vya jamii vitazame rekodi ya sekondari, na Florida ilikuwa tayari, mwaka 2013, imewaondolea mtihani huu wengi wa waliohitimu shule zake za umma. Texas bado inao wake, TSIA2, ulioanza Januari 2021. Basi peleka vyeti vyako: KCSE ya Kenya, cheti cha Kidato cha Sita, diploma ya serikali ya Kongo, vikiwa vimetafsiriwa na kutathminiwa. Huenda vikakufungulia mlango bila mtihani wowote.

Ikiwa ni lazima uufanye, jua kwanza ni upi, maana haufanani na uliozoea. Ulioenea zaidi ni Accuplacer wa shirika la College Board. Unafanywa kwenye kompyuta, na sehemu zake nyingi zina maswali 20. Ya uandishi ina 25. Kompyuta hukupima huku ikikufuata: ukipata, swali lijalo huwa gumu zaidi, ukikosa, huwa rahisi zaidi. Alama huanzia 200 hadi 300, na kila chuo hujiwekea mpaka wake.

Hapa ndipo tabia njema tulizofundishwa shuleni zinapotugeuka. Mwalimu wetu alituambia tupitie karatasi yote, tuanze na maswali rahisi, turuke magumu tuyarudie mwishoni. Kwenye Accuplacer huwezi kuruka, na ukishathibitisha jibu huwezi kulirudia. Tulifundishwa pia kukimbizana na saa. Huu hauna kikomo cha muda. Nimewaona vijana hodari wakitoka chumbani baada ya dakika ishirini kwa hesabu zote, wakijivunia mwendo, na alama zao zikawa za mtu asiyejua kugawanya. Kaa. Omba karatasi ya kukokotolea na uandike kila hatua. Kikokotoo chako hakiruhusiwi. Kile cha kompyuta hujitokeza chenyewe kwenye maswali yanayokihitaji, na kisipojitokeza ujue unatakiwa kukokotoa kwa mkono.

Hesabu zenyewe nyingi unazijua. Zimeshika kutu tu, hasa kwa mtu aliyemaliza shule miaka mitano iliyopita na tangu hapo amekuwa akifanya kazi ghalani au kulea watoto. Lakini kuna mitego inayotuhusu sisi hasa, na sijaiona kwenye vitabu vya mazoezi vya hapa.

Chukua MAGAZIJUTO, ambayo kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anaikumbuka: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Inasaidia, lakini ukiishika neno kwa neno itakuangusha. Katika 10 − 4 + 3, anayejumlisha kwanza kwa kuwa JU inatangulia TO atapata 7, kisha 10 − 7, jibu 3. Jibu sahihi ni 9, kwa sababu kujumlisha na kutoa vina daraja moja na hufanywa kwa kufuata mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha ni vivyo hivyo.

Aliyesoma Kongo au Burundi kwa mfumo wa Kifaransa ana mtego wake: mkato. Kwake 2,5 ni mbili na nusu. Marekani mbili na nusu huandikwa 2.5, na mkato hutenganisha maelfu, hivyo 1,250 ni elfu moja mia mbili na hamsini. Kwenye mtihani unaokutaka uandike jibu mwenyewe, alama hiyo ndogo inatosha kukukosesha.

Halafu vipimo. Chumba kina futi 12 kwa futi 9, na zulia linauzwa dola 20 kwa yadi ya mraba. Litagharimu kiasi gani? Eneo ni futi za mraba 108. Tuliokulia kwenye mita tukikumbuka kwamba yadi moja ni futi 3, tunagawanya kwa 3 na kupata 36, kisha dola 720. Lakini yadi ya mraba ni futi 3 kwa futi 3, yaani futi za mraba 9. Kwa hiyo ni yadi 12 za mraba, dola 240. Fanya maswali kumi ya aina hii kwa futi, inchi, galoni na pauni, na mtego huu hautakusumbua tena.

Vyuo vikuu vingi hutumia ALEKS kwa upande wa hesabu. Una maswali yasiyozidi 30, alama 0 hadi 100, na mengi hayana majibu ya kuchagua. Una pia kitufe cha kusema hujui. Mtoto aliyefunzwa kwamba nafasi tupu ni dhambi hatakigusa, atabahatisha. Akibonyeza kwa ukweli, programu inampa baadaye mazoezi ya yale hasa yaliyompita, na vyuo vingi humruhusu kurudia mtihani baada ya kuyafanya.

Kwa Kiingereza, sehemu ya insha ya Accuplacer, iitwayo WritePlacer, hutaka maneno kati ya 300 na 600, husahihishwa na kompyuta na hupewa alama 1 hadi 8. Insha za kwetu hupenda kuingia kwa methali na kuzunguka kabla ya kufika. Hapa sema msimamo wako katika aya ya kwanza, kisha toa sababu mbili au tatu, kila moja na mfano uliokamilika.

Kuna jambo la fomu linaloniuma. Katika baadhi ya vyuo, ukijaza kwamba lugha yako ya kwanza ni Kiswahili, unaelekezwa kwenye mtihani wa wanaojifunza Kiingereza. Kwa aliyefika mwaka jana kutoka kambi ya Nyarugusu huenda ni msaada mkubwa. Lakini aliyesoma Kenya au Uganda kwa Kiingereza tangu utoto anaweza kujikuta kwenye mlolongo wa kozi asizozihitaji. Usifiche lugha yako. Jaza ukweli, kisha mwambie mshauri ulisoma kwa lugha gani na kwa miaka mingapi.

Maandalizi yenyewe ni ya wiki nne hadi sita, saa moja kwa siku. Anza na jaribio la bure la College Board, ulifanye kabla ya kusoma chochote, uone unapokwama. Khan Academy nayo ni bure na ina somo karibu la kila kitu kilichomo. Kwa watu wazima wengi kinachokwamisha ni hesabu za sehemu, na bila sehemu aljebra haiendi, kwa hiyo wiki ya kwanza nzima iwe ya hesabu hizo.

Matokeo ya Accuplacer hutoka papo hapo, na mara nyingi mshauri atataka kukuandikisha kozi saa hiyo hiyo. Wakikushusha kuliko ulivyotarajia, usisaini siku hiyo. Uliza kama unaweza kurudia mtihani na lini, na uliza kama chuo kina kozi ya kawaida inayosomwa sambamba na darasa la msaada katika muhula huo huo. Texas na California zimeelekea huko, na anayeingia kwa njia hiyo hupata krediti zake tangu muhula wa kwanza.