Asali ya Tabora mbele ya bakteria sugu

Mwaka 2019 peke yake, bakteria sugu waliua watu wapatao milioni 1.27 duniani, wengi kwa maambukizi yaliyozoeleka kutibiwa kwa antibiotiki za kawaida. Ndiyo maana asali ya misitu ya miombo ya Tabora, inayorinwa Unyamwezi tangu enzi za misafara ya Bagamoyo na Ujiji, inastahili kupimwa kwa makini kama dawa ya vidonda. Ukongwe wa desturi si ushahidi, maana hata tiba mbaya hurithiwa. Ushahidi uko kwenye majaribio. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015, yaliyokusanya majaribio 26 yenye watu zaidi ya 3,000, yalionyesha kuwa majeraha ya moto yasiyozama sana yaliyopakwa asali yalipona siku nne hadi tano mapema kuliko yaliyofungwa kwa bandeji za kawaida. Vidonda vya upasuaji vyenye usaha navyo vilipona mapema zaidi. Kwa vidonda sugu vya miguu vitokanavyo na mishipa, faida haikuonekana, na hilo lisifichwe. Sababu za uwezo wake zinajulikana: sukari yake nyingi hunyonya maji ya bakteria, uchachu wake huwazuia kuzaliana, na kimeng'enya cha nyuki hutoa haidrojeni peroksaidi asali inapokutana na majimaji ya kidonda. Kwa kuwa hushambulia kwa njia nyingi kwa pamoja, bakteria hupata shida kuizoea.

Kuna wanaohofia kwamba sifa hizi zitamfanya mgonjwa wa nimonia aache dawa zake. Hofu hiyo ni ya haki: asali iliyomezwa haifiki kwenye mapafu ikiwa na nguvu ya kuua bakteria, na hapo antibiotiki haina mbadala. Tena asali mbichi huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, kwa hiyo mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilambishwe, na asali ya hospitali husafishwa kwa mionzi ya gama, kwani moto huharibu kile kimeng'enya. Asali ya manuka ya New Zealand imepita njia hiyo mpaka ikaingia kwenye bandeji za hospitali. Yetu mara nyingi huuzwa kando ya barabara bila kujulikana kama ilichemshwa au ilichanganywa na sukari. Tabora ina chuo cha ufugaji nyuki na hospitali ya rufaa ya Kitete. Vikishirikiana na maabara, vitaweza kubaini ni asali ya msimu upi na ya maua ya mti upi inayofaa kidonda, kabla miombo haijaishia kuwa kuni kwenye mabani ya kukaushia tumbaku.