Haidrojeni ya Galaksi za Mbali Yatambuliwa kwa Kivuli Chake
Nyota huzaliwa ndani ya mawingu baridi yenye molekuli za haidrojeni, ambazo huundwa juu ya chembe za vumbi. Katika baridi hiyo, molekuli hizo karibu hazitoi mwanga. Ili kuzitambua katika gesi inayozunguka galaksi za mbali, wanaastronomia hutumia kwasari, yaani kiini king'avu cha galaksi iliyo mbali zaidi. Mwanga wake unapopita katika gesi hiyo, molekuli hufyonza sehemu ya mionzi ya urujuanimno na kuacha mistari myeusi.

Angahewa ya Dunia huzuia mionzi hiyo. Hata hivyo, baada ya safari ya zaidi ya miaka bilioni 10, mawimbi yake huwa yamerefushwa na kupanuka kwa ulimwengu hadi kuwa mwanga wa kuonekana. Hivyo, darubini kubwa za Paranal, nchini Chile, hupima malighafi ya nyota iliyokuwepo kabla Jua halijazaliwa.