Jinsi chengachenga kwenye picha ya eksirei zinavyoweza kuficha uvimbe

WENGI hudhani kwamba picha ya eksirei iliyojaa chengachenga ni ushahidi wa mashine mbovu au mhudumu mzembe. Ukweli ni kwamba hata mashine bora kabisa haiwezi kutoa picha isiyo na chenga. Wingi wa chenga hizo ni miongoni mwa mambo yanayoamua iwapo daktari atauona uvimbe mdogo au utampita machoni.

Wanasayansi huziita chenga hizo kelele, ingawa hazitoi sauti yoyote. Jina hilo lilianzia katika taaluma ya simu na redio, ambako mikwaruzo humeza maneno ya msemaji.

Chanzo chake kikuu ni maumbile ya miale yenyewe. Miale ya eksirei, sawa na mwanga wa kawaida, hufika kwenye kinasa-picha ikiwa chembe mojamoja, mithili ya matone ya mvua. Mvua inapoanza kudondoka uani, kigae kimoja huangukiwa na matone mengi na jirani yake machache, bila sababu yoyote. Ikikolea, tofauti hiyo hufifia na vigae vyote hulowa karibu sawa.

Hesabu yake si ngumu. Kidoa kimoja cha picha kikipokea wastani wa chembe 100 za miale, idadi hiyo hupanda au kushuka kwa takriban 10, yaani asilimia 10. Kikipokea chembe 10,000, hupanda au kushuka kwa takriban 100, yaani asilimia 1 pekee.

Sasa tuchukulie kwamba uvimbe fulani hupunguza miale inayopenya kwa asilimia 2. Katika hali ya kwanza, tofauti hiyo humezwa na chenga. Katika hali ya pili, huanza kujitokeza.

Hata hivyo, kujitokeza peke yake hakutoshi. Mnamo 1948, mwanafizikia wa Marekani Albert Rose alieleza kwamba ili jicho litambue kitu kwa uhakika, tofauti kati ya kitu hicho na mandhari yake inafaa kuwa takriban mara tano ya kiwango cha kelele. Chini ya hapo, mtazamaji hukosa kuona kilichopo, au hudhani ameona kisichokuwepo.

Ukubwa wa kitu nao una uzito wake. Uvimbe ulioenea kwenye vidoa vingi huonekana kwa urahisi zaidi kwa sababu jicho hukusanya ushahidi wa vidoa vyote kwa pamoja. Ule uliobanwa katika kidoa kimoja au viwili ndio hupotea kwanza. Kwa bahati mbaya, uvimbe mdogo ndio daktari hutamani kuugundua mapema.

Wanaanga wana dawa ya tatizo hili, nayo ni subira. Mnamo Desemba 1995, darubini ya Hubble ilielekezwa kwa siku 10 kwenye sehemu ndogo ya anga iliyoonekana kuwa karibu tupu. Picha 342 zilizopigwa ziliunganishwa, kelele ikapungua, na galaksi zipatazo 3,000 zikajitokeza.

Lakini nyota hazidhuriki zikipigwa picha. Mwili wa binadamu waweza kudhurika. Ili kupunguza kelele kwa nusu, miale inayotumika sharti iongezwe mara nne, na miale hiyo ikizidi huongeza hatari ya saratani. Ndiyo maana kanuni ya madaktari ni kutumia kiasi kidogo iwezekanavyo kinachotosha kujibu swali lililoletwa na ugonjwa. Kanuni hiyo huzingatiwa hasa kwa watoto, ambao miili yao huathirika kwa urahisi zaidi.

Mgonjwa mnene naye huleta changamoto yake. Miale mingi hunaswa mwilini kabla ya kufika kwenye kinasa-picha, na picha hutoka na chenga zaidi mashine isiporekebishwa.

Kompyuta pia hutumika kusafisha picha, siku hizi kwa msaada wa akili unde. Aidha, katika mashine za CT, zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, wahudumu huweza kuchagua vipande vinene zaidi ili kelele ipungue. Lakini njia hizi zina gharama. Kipande kinene huchanganya uvimbe mdogo na nyama inayouzunguka, nayo programu inayolainisha picha kupita kiasi huweza kufuta madoa madogo pamoja na chenga. Katika picha za matiti, kwa mfano, chembe za chokaa zisizofika milimita moja huweza kuwa dalili ya mapema ya saratani.

Kwa hivyo, picha inayopendeza macho si lazima iwe ndiyo inayofichua ugonjwa. Picha yenye chenga kiasi, iliyopigwa kwa miale michache, inaweza kutosha kabisa kuonyesha mfupa uliovunjika, kwa kuwa mfupa hutofautiana sana na nyama. Picha kama hiyo haiwezi kutegemewa kumwondolea mtu shaka ya uvimbe mdogo kwenye ini, ambao hukaribia kufanana na nyama iliyo kando yake. Daktari akiagiza picha nyingine katika hali hiyo, huenda anatafuta kile ambacho ile ya kwanza haikuweza kuonyesha.