Je, Wajua? Sanduku la Pamoja Huielemea Outlook

Outlook inapokuwa nzito ofisini, lawama huangukia intaneti, na mara nyingi bila haki. Programu hiyo ya Microsoft ikiwekwa ihifadhi nakala kwenye kompyuta, hupakua barua zako na, kwa kawaida, zile za sanduku la pamoja pia, kama la uhasibu au mapokezi; zote hurundikana katika faili moja ambalo kikomo chake cha kawaida ni GB 50. Utasema kompyuta mpya itatibu. Itapunguza makali tu, maana faili litazidi kunenepa kila unapoongezewa sanduku jingine. Mwombe fundi wa TEHAMA azime upakuaji wa folda za pamoja. Hizo zitategemea mtandao zaidi, lakini faili lako litapungua mzigo.