Tumfahamu Bill Boddy, Mwanzilishi wa Chama cha Magari Madogo ya Mbio

Ndugu msomaji, watu wa Afrika Mashariki si wageni wa mashindano ya magari. Tangu mwaka 1953, yalipofanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Safari yaliyopita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, wakubwa kwa wadogo wamekuwa wakisimama kando ya barabara kuwatazama madereva wakipita. Lakini wengi wetu tuliporudi nyumbani tulirudi na wazo moja: kwamba mchezo ule ni wa matajiri, na kwamba mtu wa mshahara wa mwezi fungu lake ni vumbi. Leo napenda tumfahamu mtu aliyelikataa wazo hilo. Jina lake ni Bill Boddy, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1913.

Katika ujana wake, mbio za magari nchini Uingereza zilikuwa na makao yake makuu katika uwanja wa Brooklands, uliofunguliwa mwaka 1907. Uwanja huo ulisifika kwa kuwapokea watu wa tabaka la juu, na wenyewe walijivunia jambo hilo. Kijana Boddy aliupenda uwanja huo mno, hata baadaye akaandika historia yake. Hata hivyo hakuwa na kiwanda, wala hakutajwa miongoni mwa madereva mabingwa. Silaha yake ilikuwa kalamu. Mwaka 1936 alishika uhariri wa gazeti la magari liitwalo Motor Sport, akadumu katika kiti hicho hadi mwaka 1991, yaani miaka 55. Makala zake alizitia sahihi ya herufi mbili tu, W.B., na wasomaji walimtambua kwa hizo.

Basi, mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 26, aliwakusanya wapenzi wa gari moja dogo sana lililoitwa Austin Seven, wakaunda chama. Yafaa tulieleze gari lenyewe, maana bila kulifahamu hatuwezi kulielewa kusudi la chama.

Austin Seven ilianza kutengenezwa mwaka 1922 ikakoma mwaka 1939. Mwenye kiwanda, Herbert Austin, aliichora kwa msaada wa kijana wa miaka 18 aitwaye Stanley Edge. Nia yao ilikuwa kumpatia baba wa familia gari la bei nafuu, ili asilazimike kumbeba mkewe na watoto kwa pikipiki yenye kigari cha ubavuni. Injini yake ilikuwa na silinda nne, na ujazo wake ulikuwa sentimita za ujazo 747 tu, ambao leo unazidiwa na injini za pikipiki nyingi kubwa. Yalitengenezwa magari yapatayo 290,000. Hata kampuni ya BMW ya Ujerumani ilianza kazi ya kuunda magari kwa kutengeneza Austin Seven kwa leseni. Kutokana na ujazo huo wa injini, chama cha Boddy kiliitwa 750 Motor Club.

Mwaka ule ule vita vikuu vya pili vikazuka, na uwanja wa Brooklands haukutumika tena kwa mbio. Vita vilipokwisha, pesa zilikuwa haba na magari mapya yalikuwa adimu. Lakini magari ya Austin Seven yaliyochakaa yalipatikana kila mahali kwa bei ya chini. Hapo ndipo ilipodhihirika busara ya chama. Wanachama waliyanunua magari hayo, wakayavua mabodi yao mazito, wakaunda mapya mepesi kwa mikono yao wenyewe. Mashindano yaliwekewa kanuni maalumu: fremu na injini sharti zitokane na Austin Seven, ili mwenye fedha nyingi asije akanunua ushindi. Wengi waliliendesha gari lao barabarani hadi uwanjani, wakashindana nalo, kisha wakarudi nalo nyumbani jioni.

Mama msomaji ataniuliza: Je, hayo si kupoteza pesa za watoto? Swali hilo ni la haki kabisa, na kila mwanachama mwenye jiko nyumbani lazima alijiuliza. Ndiyo maana kanuni ile ilikuwa na thamani. Iliuwekea mchezo mpaka, na kwa kuuwekea mchezo mpaka ikauwekea mpaka mfuko wa nyumba pia. Mtu alishindana kwa akili na ustadi wa mikono, wala hakushindana na jirani kwa kukopa.

Miongoni mwa wanachama alikuwako askari, Meja Arthur Mallock wa jeshi la Uingereza, ambaye alianza na Austin Seven kuukuu na baadaye akaunda magari ya mbio yaliyojulikana kwa jina la U2. Alikuwako pia kijana Colin Chapman, aliyeunda gari lake la kwanza mwaka 1948 katika gereji ndogo nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake. Mwaka 1951 Chapman alileta gari lililowashangaza wote. Katika injini ya Austin Seven, silinda mbili mbili hushirikiana tundu moja la kuvutia hewa na petroli. Chapman alibuni njia ya kuyagawa matundu hayo, hata kila silinda ikapumua peke yake. Akawaacha wenzake mbali.

Je, chama kilifanya nini? Hakikumfukuza kijana, wala hakikumwonea haya. Kilibadili kanuni na kuuziba mwanya ule, ili mchezo urudi mikononi mwa watu wa kawaida. Chapman naye akaenda kutafuta uwanja mpana zaidi. Magari yake ya Lotus yalitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara 7 kati ya mwaka 1963 na 1978. Kwa hiyo chama hakikukizima kipaji chake. Kilikuwa ngazi yake ya kwanza.

Sasa tumrudie Boddy. Baada ya vita, usukani wa chama haukubaki mikononi mwake. Mtu aliyekuwa moyo wa chama katika miaka hiyo alikuwa daktari wa mifugo, Holland Birkett. Mwaka 1951 chama kilianzisha mashindano ya saa sita ya kupokezana, ambamo gari moja likitoka uwanjani, jingine la kundi lile lile huingia kuendeleza kazi. Birkett alifariki mwaka 1963 katika ajali ya ndege, na mashindano hayo yakabeba jina lake. Boddy aliendelea kuandika hadi alipofariki mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 98, na chama alichokianzisha kingali hai.

Habari hizi zinanikumbusha jambo lililotokea katika kituo kimoja nilikofanya kazi nilipokuwa bado mwalimu kijana. Tulikuwa na chama cha michezo cha wafanyakazi. Mwanzilishi wake alikuwa mtu wa bidii, na sisi sote tulimshukuru. Lakini daftari lilikuwa kwake, mpira ulikuwa chini ya kitanda chake, ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwake, na hesabu ilikuwa kichwani mwake. Siku alipopata uhamisho tulimwandalia chai, tukampungia mkono. Juma lililofuata tulipokutana uwanjani, hapakuwa na mpira, hapakuwa na daftari, na hapakuwa na mtu aliyejua michango yetu imefikia kiasi gani. Hakuiba. Alikuwa amekipenda chama hata akasahau kukigawa. Nami sikuwa na haki ya kumlaumu, kwani katika miaka miwili sikuwahi kumwomba nilitazame lile daftari.

Kambini na katika kota za polisi uhamisho ni jambo la kila mwaka. Anayeanzisha chama leo, kiwe cha mpira, cha baiskeli au cha akina mama cha kuweka akiba, na ajue kwamba barua ya uhamisho yaweza kumkuta kesho. Basi tangu siku ya kwanza, na awepo wa pili anayejua ufunguo ulipo, na wa tatu anayeisoma hesabu kwa sauti mbele ya wote. Kiingilio nacho kilingane na uwezo wa mwenye mshahara mdogo kuliko wote.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mwanzilishi ni kidole cha kwanza tu. Kazi yake ni kuviita vingine.