Uashi wa Ukubwani

Mwezi wa Desemba 2024 mgodi wa Base Titanium hapa Kwale ulisimamisha uchimbaji, baada ya miaka zaidi ya kumi ya kuuchimba mchanga wetu na kuusafirisha kupitia Likoni. Walioachishwa kazi hawakuwa vijana watupu. Wamo kina baba wenye watoto sekondari na mabinti wa kuozwa, watu ambao umri hauwaruhusu kungoja na wala haujawafikisha pa kupumzika. Huku Vanga mvuvi wa miaka arubaini na tano anaijua hali hiyo bila ya mgodi. Kusi ikikaza, ngalawa hulala ufuoni. Na akirudi baharini hukuta samaki wa karibu wamepungua, na wa mbali wanataka mashine na mafuta asiyoyamudu.

Wengi wao wanaelekea kwenye ufundi wa ujenzi, kwa kuwa kutoka Ukunda na Diani hadi Msambweni hakukosekani mtu anayejenga. Nimeulizwa juu ya jambo hili mara nyingi, na kina mama wamenijia zaidi kuliko waume zao. Huuliza kama ni busara, na kama si aibu, mtu mzima kumbebea karai la zege kijana aliye rika la mwanawe.

La aibu ni jepesi, nalimaliza kwanza. Ibrahim na Ismail (A.S.) waliinua misingi ya Al-Kaaba kwa mikono yao. Nabii Daud alikuwa mfalme na akala kwa jasho lake, na Nabii Zakaria alikuwa seremala. Ulipojengwa msikiti wa Madina, Mtume wetu (S.A.W.) alibeba matofali pamoja na masahaba, na alipofika Talq bin Ali kutoka Yamama, Mtume akaagiza aachiwe yeye kazi ya kukanda udongo, kwa kuwa mkono wake uliujua kuliko mikono yao. Na katika Suratul-Kahf, tunayoisoma kila Ijumaa, Nabii Musa, pamoja na utume wake, alimwendea Khidhri akaomba kufunzwa, akakubali masharti ya mwalimu. Katika safari hiyo wakafika kwenye ukuta unaotaka kuanguka, na Khidhri akausimamisha. Mwenye kuona unyonge kusimama mbele ya fundi kijana na aisome sura ile kwa utulivu.

Lililo zito ni elimu yenyewe. Kuna wanaodhani uashi ni kupanga mawe na kupaka saruji, wakafanya kibarua wiki tatu, wakanunua mwiko, wakajiita mafundi. Wenye nyumba ndio hulipa ujinga huo. Fundi wa kweli huanza na pembe: hupima futi 3 upande mmoja na futi 4 upande wa pili, na kamba ya kuunganisha ncha hizo ikitoka futi 5 kamili, ndipo pembe imekaa mraba. Hujua kwamba zege la kawaida la slabu ni saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, na kwamba likishamwagwa lapaswa kunyweshwa maji siku 7 zisizopungua, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Hujua pia kwamba mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi huila nondo ndani ya zege polepole, mpaka ukuta upasuke na kutoa kutu miaka kadhaa baada ya fundi kulipwa na kwenda zake. Kumjengea mtu kwa mchanga huo, nawe wajua, ni ghushi kama ghushi ya sokoni.

Hapa ndipo mtu mzima anapomzidi kijana. Vanga ni mji ulio chini. Mto Umba ukifurika, au maji ya bamvua yakipanda, watu huamka maji yamefika mlangoni. Mvuvi anajua bamvua hufika wapi, na akipewa kiwanja hahitaji kuambiwa msingi uinuliwe kiasi gani. Kamba na mafundo amezaliwa nayo. Aliyetoka mgodini naye amezoea vipimo, na amezoea viatu na kofia ya kazi, mambo ambayo mafundi wetu wengi huyadharau hadi siku msumari uingie mguuni.

Mwili, lakini, husema ukweli. Mfuko wa saruji ni kilo 50, na mgongo wa miaka hamsini si wa ishirini. Kwa hiyo nawashauri wasiokuwa na nguvu za kubeba waelekee kwenye lipu, vigae, rangi au mabomba, kazi zinazotaka jicho na subira. Umeme nao ni mzuri, ila sheria ya nishati ya 2019 inamtaka fundi wake awe na leseni. Na anayetoka baharini si lazima aziuze nyavu siku ya kwanza. Masika yakishapita, miezi ile ya kusi ambayo bahari haiingiliki ndiyo miezi mikavu ya kujengea, na mtu aweza kujifunza misimu miwili kabla hajaamua.

Karatasi nazo zina kazi yake. Mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mtihani wa ufundi kuanzia daraja la tatu hadi la kwanza, na hupima zaidi kazi ya mkono. Mamlaka ya ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, nayo huwaidhinisha mafundi. Mwenye hoteli Diani hamjui baba fulani wa Vanga, cheti humjulisha.

Sasa nirudi kwa kina mama, kwani mzigo wa kipindi hiki huwaangukia wao. Saidia fundi hulipwa kidogo, na huenda nyumba ikaendeshwa na vitumbua vya mke mwaka mzima. Sheria yetu iko wazi: nafaka ni juu ya mume hata mke awe tajiri. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mume akishindwa na mke akasubiri, ile nafaka haifutiki. Hubaki deni juu yake. Mke akitoa kwa ridhaa yake, ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka, kama Mtume (S.A.W.) alivyomjibu Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, aliyekuwa akimsaidia mumewe na mayatima. Lakini ridhaa ni ya kuulizwa. Kunyamaza kwa mke mbele ya mumewe aliyevunjika moyo si ridhaa.

Jirani yangu mmoja, mvuvi wa miaka arubaini na saba, alinunua mwiko, timazi, pimamaji na vyombo vinginevyo kwa bangili mbili za mkewe. Yeye aliziona ni msaada wa nyumba, na mkewe hakusema neno. Mwaka uliofuata, alipoanza kupewa kazi zake mwenyewe, ndipo ugomvi ulipotoka, wakaja kwangu. Nilimuuliza bibi mbele ya mumewe: ulimpa au ulimkopesha? Akajibu, kwa sauti ya chini, kwamba alikopesha. Mume alitazama chini kwa muda, kisha akasema, "Basi na iandikwe." Tukaandika uzani wa dhahabu na tarehe, wakashuhudia watu wawili. Bangili ya kwanza ameshairudisha. Daftari liko kwa mkewe, kashani, na mume hivi sasa yuko Jimbo anapiga lipu.