Mzazi Hunena Barazani, Mwana Hunyamaza Darasani

Kaunti ya Makueni ina watu wanaojua kuuliza maswali. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, na hasa katika miaka 9 ya uongozi wa gavana wa kwanza, Profesa Kivutha Kibwana, wakazi wa huko walizoea kukutana kuanzia ngazi ya kijiji hadi ya kaunti nzima ili kuamua kipi kitangulie, zahanati au bwawa, barabara au shule ya chekechea. Kisha waliteua kamati za kuusimamia mradi na kumkagua mwanakandarasi. Wageni wametoka mbali kuja kuusoma utaratibu huo. Mama asiyewahi kukanyaga kidato cha kwanza husimama, akasema kwa Kikamba chake kwamba saruji iliyoletwa haitoshi, na afisa akalazimika kumjibu.

Mtoto wa mama huyo yuko darasani, mwendo mfupi kutoka hapo barazani. Je, yeye huuliza nini?

Kazi yangu ya kufunza isimu hunipeleka mara kwa mara kwenye dawati la nyuma, huko Kitui na Makueni, kuwakagua wanafunzi wangu walio katika mazoezi ya ualimu. Ninayoyasikia kutoka hapo ni kelele nyingi na maswali machache. Mwalimu husema, sauti ikipanda: "Maji yakichemka hugeuka kuwa mvu...?" na darasa zima huitika: "...keee!" (Natafsiri, kwani somo lenyewe huwa la Kiingereza.) Kisha: "Tumeelewana?" "Ndiyo, mwalimu!" Mwaka 1975 wanaisimu wawili wa Uingereza, John Sinclair na Malcolm Coulthard, walichapisha uchanganuzi wa mazungumzo ya darasani wakaonyesha kwamba aghalabu huwa na hatua 3: mwalimu huanzisha, mwanafunzi hujibu, mwalimu hutathmini. Mwalimu ana hatua 2, mwanafunzi ana moja. Kwetu sisi, hata hiyo moja imepunguzwa ikawa silabi.

Wakati huohuo, Mtaala wa Umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza walifanya mtihani wa gredi ya 9 mwaka 2025, umeorodhesha mambo 7 ambayo kila mwanafunzi anapaswa kuyamiliki. Mawasiliano na ushirikiano yametajwa, ubunifu umetajwa, na kufikiri kwa kina pia. Ni maneno mazuri na sina ugomvi nayo. Muhula mmoja niliwaomba wanafunzi wangu wawaulize watoto waliokuwa wakiwafunza, kwa lugha yoyote watakayopenda, ni lini walijifunza jambo wasilolisahau. Haukuwa utafiti, na sitautolea hesabu. Wengi walitaja kitu walichokitengeneza pamoja kwa mikono. Lakini mvulana mmoja aliandika, kwa Kikamba, jambo lililonikaa moyoni: kwamba katika kundi lao, yule ajuaye Kiingereza ndiye hufikiri, na wengine humshikia rula.

Hapo ndipo penye kiini cha shida. Sera yetu ya lugha, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, inataka mtoto afunzwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka 3 ya kwanza, kisha Kiingereza kichukue nafasi. Shule nyingi hazingoji hata miaka hiyo iishe. Sasa, kuuliza swali ni kazi nzito kuliko kulijibu. Anayejibu huazima maneno ya aliyeuliza; anayeuliza hana budi kujitungia yake, tena kuhusu jambo ambalo bado linamtatiza. Kumdai mtoto wa miaka 11 afanye hivyo kwa lugha anayoisikia shuleni pekee, mbele ya wenzake 60 walio tayari kumcheka akikosea, ni kumfunga mdomo bila kumwambia anyamaze. Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 12 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni kuhusu mambo yanayomhusu. Kifungu hicho hakisemi kwamba sharti aanze kwa kufaulu sarufi.

Waama, ushirikiano na ubunifu si mambo mageni Ukambani. Katika miaka ya 1930 na 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, nao wakaichukia kazi hiyo. Kazi ilikuja kushamiri ilipofanywa kwa mwethya, yaani makundi ya majirani wanaosaidiana kwa zamu na kujichagulia viongozi. Walichimba mtaro kufuata mkingamo wa mlima, wakautupa udongo upande wa juu, na mbinu hiyo ikaitwa "fanya juu", jina ambalo leo limo katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza bila kutafsiriwa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1994 kwamba idadi ya watu wa wilaya hiyo iliongezeka zaidi ya mara 5 tangu miaka ya 1930, na bado mmomonyoko ukapungua. Kitui nako kuna mamia ya mabwawa ya mchanga: ukuta hujengwa kukinga mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hujificha humo yasinyonywe na jua. Mambo haya yalijadiliwa kabla ya jembe kuinuliwa, na yalijadiliwa kwa lugha iliyoeleweka na kila mshika jembe.

Nasikia walimu wakinikumbusha idadi ya wanafunzi, silabasi na mtihani. Wana haki. Wazazi nao watauliza kama karo yao inalipia Kikamba. Sijasema Kiingereza kiondolewe. Mimi mwenyewe nakula kwa sababu yake. Nasema kundi liruhusiwe kubishana kwa Kikamba, au kwa Kiswahili katika miji yenye mchanganyiko kama Mtito Andei, kisha litoe ripoti kwa Kiingereza. Hilo halihitaji hata kipande cha chaki. Na pale ambapo bado kuna kibao cha kumvika mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mamake, kitupwe jikoni kiwe kuni.

Ipo pia sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, inayompa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti katika bodi ya shule, ingawa hana kura. Ni hatua njema. Ila katika shule nilizozitembelea, baraza huombwa maoni kuhusu muthokoi na saa za kulala. Sijakuta lililoombwa maoni kuhusu jinsi hesabu inavyofunzwa.

Mwanafunzi wangu mmoja, akifunza gredi ya 7 huko Makueni, alithubutu kuyaacha makundi yabishane kwa Kikamba. Mada ilikuwa mvukizo. Msichana ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu muhula uanze alitaka kujua: ikiwa jua haliyafikii maji yaliyo ndani ya mchanga, mbona bwawa la kijijini kwao hukauka mapema tangu malori yaanze kuja kuzoa mchanga? Kundi la pili likadai kwamba ukuta unavuja. La tatu likakumbusha kwamba kaunti ina sheria ya kuhifadhi mchanga, ya mwaka 2015, na kuuliza nani aliyewapa wenye malori ruhusa. Kengele ikalia swali likiwa bado ubaoni. Katika ripoti yake kwangu, kijana huyo aliomba radhi kwa kutomaliza somo.